Nani kafa? Jibu kwa msomaji wa Ujiji

Barua yenyewe ni ndefu. Naifupisha kwa ruhusa ya aliyeiandika, na yale ambayo yangeweza kumtambulisha nimeyaondoa.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ujiji. Mwezi uliopita rafiki yangu aliniazima riwaya ya Kiingereza. Inamhusu mtu aliyezaliwa mtoto wa kiume, akakua akijijua kuwa ni mwanamke, akahamia mji wa mbali akaishi hivyo na akapendwa. Halafu anafariki. Ndugu zake wanakwenda kuchukua maiti, wanamnyoa nywele, wanamvalisha suti, wanamzika kwa jina la zamani. Rafiki zake wamesimama nje ya ukuta wa makaburi, mmoja ameshika gauni lake kwenye mfuko wa plastiki. Anayesimulia ni dada yake wa tumbo moja, na ndiye aliyemfunga tai. Nilipofika pale pa tai nililia mpaka mume wangu akatoka chumbani akauliza, 'Nani kafa?' Nikamwambia hakuna, ni hadithi tu. Siku ya tatu bado nalia, naanika dagaa huku nalia. Baba yangu alipofariki sikulia hivi. Naomba unieleze, kwa nini nimelia kiasi hiki kwa mtu ambaye hayupo? Je, ina maana kuna kitu ndani yangu nisichokijua? Na je, nimekosea mbele ya Mungu? Nimesahau kusema: tulikuwa na baba mdogo, alifia Dar mwaka 2009. Nyumbani hakukuwekwa matanga. Tulipokuwa watoto, tukiwa peke yetu jikoni, alipenda tumwite shangazi."

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha Fasihi hapa Tabora kwa miaka 33, na katika barua zote nilizowahi kupokea kuhusu vitabu, ni chache zilizonikalisha chini kama hii yako. Nimeisoma asubuhi, nikaisoma tena jioni. Nitakujibu kwa namna mambo yalivyonijia, si kwa mpangilio uliouliza wewe.

Naanza na lile ulilomwambia mumeo. "Ni hadithi tu." Wote tunalisema, na aghalabu tunalisema tukiwa tumeaibika. Mwaka 1975 mwanafalsafa mmoja wa Uingereza, Colin Radford, aliandika makala nzima akiuliza inawezekanaje tuguswe na masaibu ya Anna Karenina, yule wa riwaya ya Mrusi Leo Tolstoy, ilhali tunajua fika kwamba mwanamke huyo hajapata kuishi. Akamaliza kwa kusema kwamba jambo hilo ni la kawaida kabisa kwetu binadamu, lakini haliingii akilini. Mimi sikubaliani naye hapo mwisho. Mwaka 2000 watafiti wawili wa saikolojia wa Marekani, Melanie Green na Timothy Brock, waliwapa wasomaji kisa cha mtoto mdogo anayeuawa kwenye jengo la maduka. Baadhi waliambiwa ni habari ya kweli, wengine wakaambiwa ni ya kubuni. Ile lebo haikuleta tofauti. Kilicholeta tofauti ni msomaji alizama kiasi gani. Aliyezama aliguswa, na alitoka humo na fikra za hadithi zimemshika, awe aliambiwa ni kweli au ni uongo. Kwa hiyo moyo wako haukukosea njia, mwanangu. Umesoma sawasawa.

Na sisi wa Kiswahili tusingehitaji kuambiwa hilo na maabara. Umesoma Utendi wa Fumo Liyongo shuleni, nina hakika. Unaikumbuka ile sehemu ya kisimani? Mtoto wake mwenyewe amemchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anainuka, anachukua upinde, anakwenda kupiga goti kisimani na mshale umekwisha tegwa, na anakata roho vile vile alivyo. Watu wanamwona kwa mbali, wanaogopa, hakuna anayethubutu kuteka maji. Wanamwita mama yake aje kumbembeleza mwanawe. Na mama anakuja, anamwimbia, hajui kwamba anamwimbia maiti. Nimelisomesha hilo mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka darasa lilinyamaza pale pale, watoto wenye miaka kumi na saba wakiangalia madawati yao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunifuata baadaye kuniuliza kama kumlilia Liyongo kuna maana gani juu yake yeye. Ila likija suala la mtu kama yule wa kwenye riwaya yako, swali hilo linakuja mbio. Inafaa ujiulize ni nani aliyekufundisha kuliogopa chozi hili na si lile.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hasa ndilo nataka kukuambia. Msomaji akilia, asiharakishe kuuliza "mimi ni nani?" Aulize kwanza, "nilikuwa nimesimama wapi?" Ndani ya hadithi kuna sehemu nyingi za kusimama. Kuna anayeteseka, kuna anayempenda, kuna aliyefunga mlango, kuna jirani aliyechungulia dirishani. Hatusimami wote mahali pamoja, na mara nyingi hatusimami pale tunapodhani.

Nitakupa mfano wangu mwenyewe, maana si haki nikuvue nguo wewe peke yako. Mwaka 1979 nilikuwa kidato cha tatu kwenye shule moja ya bweni ya wasichana. Nyuma ya jiko kulikuwa na mzambarau mkubwa. Walikuwepo wasichana wawili, mmoja alikuwa rafiki yangu, ambao kila baada ya chakula cha jioni walikwenda kukaa pale chini wamejifunika khanga moja, wanakula zambarau mpaka ndimi zao zinakuwa nyeusi. Nilichowaona wakifanya ni kushikana mikono. Hicho tu. Nikamwambia matroni. Mpaka leo sijui hasa nilitaka nini. Nadhani niliona wivu kwamba mimi hawakuniita. Wiki ile ile yule rafiki yangu alirudishwa kwao. Nilimwona akilivuta sanduku lake la bati kwenye kokoto kuelekea getini, hana wa kumsaidia, na lile sanduku linapiga kelele njia nzima. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa kuchota uji.

Ikapita miaka 29. Mwaka 2008 nilikuwa kwenye treni kwenda Kigoma kwenye harusi ya mpwa wangu, na mkononi nilikuwa na fotokopi ya hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iitwayo "Jambula Tree". Ilikuwa imepata Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika, mwaka uliotangulia, nami nilitaka kuona kama inafaa kwa kidato cha sita. Jambula, kwa taarifa yako, ndiyo zambarau yetu hii hii. Ni hadithi ya wasichana wawili wa majumba ya Nakawa, Kampala, Anyango na Sanyu, wanaopendana, na jirani mmoja, Mama Atim, anawakuta. Sanyu anapelekwa London. Anyango anabaki na maneno ya mtaa. Niliisoma kwa taa hafifu ya behewa, na kabla hatujafika Uvinza nilikuwa nimejifunika khanga usoni ili abiria mwenzangu asinione. Treni iliposimama wauza chumvi wakaanza kunadi chini ya madirisha, nami nashindwa hata kuinua kichwa.

Nilimlilia nani? Nilidhani namlilia Anyango. Kesho yake nikaisoma tena kwa utulivu, kalamu mkononi, nikaweka alama kila mahali donge liliponikaba. Karibu alama zote ziliangukia kwenye mistari ya Mama Atim. Nilikuwa nimesimama kwa jirani. Nililia kwa sababu baada ya miaka 29 mtu mwingine, katika nchi nyingine, aliniandika mimi, na sanduku lile la bati likaanza kupiga kelele upya.

Kwa hiyo nakuomba ufanye kama nilivyofanya. Kabla hujarudisha kitabu kwa mwenyewe, rudi kwenye ukurasa ule. Usisome riwaya nzima, soma ukurasa ule tu, mchana, watoto wakiwa shule. Hukulia alipokata roho, umesema mwenyewe. Hukulia wala kwenye gauni lile ndani ya mfuko wa plastiki, ambalo kwangu mimi ndilo picha kali kuliko zote ulizonisimulia. Ulilia kwenye tai. Na tai ilikuwa mikononi mwa nani? Mikononi mwa ndugu, anayempenda marehemu, anayejua ukweli, na ambaye vidole vyake vinafanya walichoamua wakubwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuyatazama upya yale maneno yako ya chini kabisa, uliyoyaandika kama mtu anayekumbuka mlangoni kwamba ameacha mwavuli. Baba mdogo. Dar. 2009. Hakukuwekwa matanga.

Ngoja nikuonyeshe kitu kuhusu lugha. Kiingereza kinamsukuma msimulizi kuchagua, karibu kila sentensi, kati ya "he" na "she", yaani kama anayezungumziwa ni wa kiume au wa kike. Riwaya kama uliyosoma zinaitumia kazi hiyo kwa ustadi: kurasa mia tatu unamsikia dada mtu akimtaja marehemu kwa kike, halafu siku ya maziko, mbele ya wazee, anamtaja kwa kiume, na msomaji anasikia kisu. Kiswahili hakina kisu hicho. Sisi tunasema alizaliwa, alicheka, alisafiri, alifariki, na hakuna anayejua. Nimeandika barua hii yote mpaka hapa sijalazimika kuamua chochote kuhusu mtu wa riwaya yako. Yeye ni yeye. Mwanangu ni mwanangu. Marehemu ni marehemu.

Lakini usidhani kwetu hakuna kisu. Kipo kwenye majina ya ukoo. Baba mdogo na shangazi hawakai mahali pamoja. Mmoja hukaa barazani na wanaume, mwingine huitwa ndani siku ya kumfunda bibi harusi. Mmoja husalimiwa kwa mbali, mwingine hulaliwa mapajani. Mtu mzima anapowakusanya watoto wa kaka yake jikoni, mlango umerudishwa, akawaomba wamwite shangazi, anawaomba kitu kikubwa mno, na anawaomba ninyi kwa sababu ni watoto na hamkuwa na nguvu ya kumuumiza. Ninyi mkampa. Halafu mlango ukifunguliwa mnarudi kwenye baba mdogo, maana na ninyi mlijua. Mtoto wa miaka saba hujua.

Sijui yalikuwaje maisha yake na sitayabuni. Pengine ulikuwa mchezo tu wa kuwachekesha. Wewe ndiye uliyekuwepo jikoni. Ila umeniandikia barua ya kurasa nne kuhusu mtu wa kwenye kitabu aliyezikwa kwa jina lisilo lake, ukaifunga kwa mtu ambaye hata kukaliwa matanga hakukaliwa, na kati ya hao wawili hukuweka hata neno moja la kuwaunganisha. Mimi kama msomaji wa barua yako nimeona kiungo. Niambie kama nimekosea.

Uliuliza mbona baba yako hukumlilia hivi. Baba yako alililiwa na mji mzima. Jamvi lilitandikwa, hitima ikasomwa, wanawake walikuja kukushika mabega, kahawa ikapita, na siku zilipotimia matanga yakaanuliwa. Huzuni yake ilipewa nyumba. Ya baba mdogo haikupewa hata kizingiti, na kwa miaka yote hii ilikuwa inazunguka nje. Riwaya ndiyo iliyoifungulia. Mtu anayelia msiba wa 2009 leo, akiwa anaanika dagaa, hana ugonjwa.

Na kama kuna kitu ndani yako usichokijua? Nakujibu kwa uaminifu: chozi peke yake haliwezi kukuambia. Nimeona wanafunzi waliosoma hadithi za namna hii wakajitambua wao wenyewe, wakapumua kwa mara ya kwanza; kwa hao kitabu kilikuwa kioo, na singethubutu kuwaambia ni huruma tu. Nimeona wengine waliolia sana na maisha yao hayakubadilika hata kidogo, isipokuwa ulimi wao ulikuwa mpole zaidi. Ukija kugundua kwamba ulisimama pia kwa yule aliyevalishwa suti, basi ulisimama, na bado wewe ni yule yule aliyeniandikia. Usijihukumu kwa haraka, wala usijikane kwa haraka.

Kuhusu Mungu, mimi si shehe na sitojifanya. Nakukumbusha tu jambo ambalo bila shaka ulilisikia madrasa. Jeneza la Myahudi lilipita, Mtume akasimama. Akaambiwa huyo ni Myahudi. Akauliza, je, si nafsi? Kwangu hilo linatosha kwa machozi ya msomaji.

Sasa niruhusu nikasirike kidogo, si kwako, kwa vitabu. Maana kuna swali ambalo hukuuliza na ningependa ungeuliza: kwa nini watu kama yule wa riwaya yako hufa sana vitabuni? Jibu moja ni kwamba dunia kweli inawaua na kuwafukuza, na mwandishi mwaminifu haliruki hilo. Lakini jibu jingine ni la biashara na sheria. Mwaka 1952 huko Marekani Marijane Meaker alitoa riwaya ya Spring Fire kwa jina la bandia la Vin Packer, kuhusu wasichana wawili wa chuo wanaopendana. Mhariri wake alimwambia mapema kwamba isiishie kwa furaha, kwa kuwa kitabu chenye mwisho wa furaha wa namna hiyo kingeweza kuzuiwa na posta. Basi mmoja akaishia kurukwa na akili, na mwingine akasema hakuwahi kumpenda. E. M. Forster wa Uingereza aliandika riwaya ya Maurice mwaka 1913 na 1914, akakusudia kabisa wanaume wawili wanaopendana humo wabaki pamoja mwishoni, na kwa sababu hiyo hiyo kitabu kikakaa kwenye saraka mpaka yeye mwenyewe akafa. Kilitoka mwaka 1971. Kwa hiyo unapokutana na kaburi mwishoni mwa hadithi kama hii, uliza kama limechimbwa na maisha au na mhariri.

Nina kipimo changu cha kuvipambanua, nacho ni chepesi. Funga kitabu ujiulize: marehemu alikuwa anachekeshwa na nini? Alikuwa anapenda kula nini? Alikuwa anagombana na nani kwa mambo ya kijinga? Ukiweza kujibu, mwandishi alimpa maisha kwanza ndipo akamchukua, na chozi lako ni la haki. Ukikuta unachokumbuka ni mateso tu na maziko, basi umekamuliwa. Kitabu kizuri kwa machozi si lazima kiwe kitabu kizuri. Kipime hicho chako.

Halafu usome kingine ambacho mtu hafi. Nasema hivyo kama ninavyoweza kusema kula kitu baada ya homa. Patricia Highsmith wa Marekani, mwaka huo huo wa 1952, alitoa riwaya ya The Price of Salt kwa jina la bandia la Claire Morgan, na wanawake wawili wanaopendana humo wanaachwa na tumaini la kuwa pamoja. Kilipotoka toleo la bei nafuu, barua zilimjia kwa miezi, kumi au kumi na tano kwa mkupuo, mara mbili kwa wiki, kutoka kwa watu waliokuwa hawajawahi kuona mwisho kama ule. Mara nyingi huwa nawafikiria wale walioandika barua hizo. Walikuwa kama wewe: walisoma, wakaguswa, wakakosa wa kumwambia karibu, wakaandika kwa mtu wasiyemjua.

La kumwambia mumeo. Wewe ndiye unayemjua. Amekuuliza "nani kafa?", na swali hilo linaweza kujibiwa kwa ukweli bila kutaja riwaya: nimemkumbuka baba mdogo. Sidhani kuna mume anayeshindwa kulipokea hilo. Kuhusu kitabu chenyewe, uwe na busara kama ulivyokuwa kwenye barua. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kifungu cha 154, inaadhibu tendo, yaani kile inachokiita kumwingilia mtu kinyume cha maumbile, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Kusoma riwaya si tendo hilo, lakini unaishi mtaani, na mtaa hausomi vifungu. Usikisambaze kwenye kundi la simu. Aliyekuazima ndiye wa kuzungumza naye. Kaeni wawili, mmoja asome kwa sauti ukurasa wa tai na mwingine asikilize, kisha mbadilishane. Niliwafanyisha hivyo wanafunzi wangu kwa shairi lolote lililowashinda, na sauti hufungua ambacho macho yameruka.

Nina ombi moja, na ukiona zito, liache. Una ndugu uliokuwa nao jikoni siku zile. Angalau mmoja yuko hai, nadhani, na ana simu. Mpigie. Usianze na kitabu wala na Dar. Muulize tu kama anakumbuka mlikuwa mnamwitaje baba mdogo mlango ukifungwa, kisha nyamaza umsikilize anavyolitamka.